Ushahidi na Uvumi

Katika Kiswahili, mtu hawi shahidi kwa kusikia. Shahidi ni mtu aliyehudhuria, akaona kwa macho yake, kisha akasimama mbele ya kadhi au mbele ya wazee barazani, likatajwa jina lake na la baba yake, akaulizwa. Uso wake na jina lake ni sehemu ya maneno yake; akijulikana kuwa mwongo, maneno yake huanguka pamoja naye. Uvumi ni kinyume cha hayo. Uvumi hauna baba. Huvuma kama upepo au kama ngoma ya mbali, na aliyeupokea akiulizwa ameupata wapi, hujibu kwamba yasemwa. Wahenga waliuonea huruma, wakanena kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Walakini hapana kadhi aliyekata hukumu kwa methali hiyo.

Ajabu ya miaka hii ya karibuni ni kuwa maneno haya mawili yalihamia katika kompyuta. Wakenya walipounda tovuti iliyopata sifa duniani kote, waliiita Ushahidi. Na watu walipotafuta neno la kueleza jambo linalosemwa na maelfu kwa wakati mmoja katika mitandao ya kijamii, walisema kuwa jambo hilo linavuma. Majina hayo hayakupangwa na kamati yoyote ya lugha, lakini yalilingana na mambo yenyewe kuliko walivyodhani walioyachagua.

Habari yenyewe yaanza kidogo kabla ya Ushahidi. Bunge la Kenya lilikuwa na tovuti, ikafungwa baada ya baadhi ya wabunge kunung'unika kwamba maelezo ya elimu na kazi zao yamewekwa wazi. Mwaka 2006 Ory Okolloh, mwanasheria aliyesoma Harvard, na Conrad Akunga, mtunzi wa programu, wakaunda tovuti yao wenyewe, wakaipa jina la Mzalendo. Kazi yake ilikuwa ya subira: kuonyesha nani ni mbunge wa wapi, na bungeni amesema nini au amenyamaza vipi. Haikuwa na kishindo wala haikuvuma. Lakini tabia yake yafaa kukumbukwa, kwa kuwa ndiyo iliyorithiwa na tovuti zilizofuata: kuandika jambo mahali pamoja, kwa utaratibu, ili mtu aweze kurudi kulitazama.

Uchaguzi mkuu wa Kenya ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 Mwai Kibaki akatangazwa mshindi na kuapishwa jioni ile ile, ilhali wafuasi wa Raila Odinga wakisema kuwa kura zimeibwa. Siku hiyo hiyo John Michuki, Waziri wa Usalama wa Ndani, alipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Nchi ikaingia gizani wakati ule ule ilipoanza kuwaka. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto na watu waliokimbilia humo. Katika nyumba nyingi habari zilikuja kwa ujumbe mfupi wa simu uliokwisha kupita katika mikono ambayo hapana aliyeijua: kijiji fulani kimekwisha, kabila fulani linakuja usiku, maji fulani yametiwa sumu. Serikali ilipozima sauti za wasemaji waliojulikana, haikuleta kimya. Iliuachia uvumi uwanja mzima.

Okolloh alikuwa amekuja Nairobi kupiga kura na kuandika habari za uchaguzi katika blogu yake. Tarehe 3 Januari, akiwa amekwisha kurudi Johannesburg kwa ajili ya usalama wa jamaa yake, aliandika ombi: je, wapo watunzi wa programu wawezao kuunda ramani itakayoonyesha mauaji na uharibifu unatokea wapi, ili mambo hayo yasije yakakanushwa baadaye? Ombi hilo lilisomwa na Erik Hersman, Mmarekani aliyekulia Sudan na Kenya, na kwa njia yake likamfikia David Kobia, Mkenya mtunzi wa programu aliyekuwa akiishi Alabama. Juliana Rotich, mwandishi wa blogu na mjuzi wa kompyuta, akajiunga nao. Watu hawa walikuwa wametengwa na bahari na saa nyingi za tofauti ya mchana na usiku. Hata hivyo, kwa muda wa siku chache tu tovuti ilikuwa imesimama, na kabla ya katikati ya Januari ilikuwa ikipokea habari.

Namna ilivyofanya kazi ilikuwa nyepesi. Aliyeona jambo aliandika ujumbe kwa simu yake ya mkononi, au alijaza fomu katika tovuti, akataja mahali, siku, na aina ya jambo: mauaji, ubakaji, moto, uporaji, watu kukimbia makwao, na kadhalika. Ujumbe haukuruka moja kwa moja hadi kwenye ramani. Ulisomwa kwanza na wachache walioaminiwa, ukalinganishwa na habari za magazeti na za mashirika ya misaada, na ilipowezekana aliyeuleta alitafutwa aulizwe zaidi. Jambo lililoonekana kuwa la kweli lakini halikuweza kuthibitishwa lilichapishwa pamoja na onyo kwamba halijathibitishwa. Baada ya hapo ndipo alama nyekundu ilipotokea juu ya ramani. Yafaa kukumbuka kuwa wakati huo nyaya kuu za baharini zilikuwa bado hazijafika pwani ya Afrika Mashariki. Waya wa kwanza mkubwa ulifika mwaka 2009. Intaneti ya Kenya ilikuwa ghali na nzito, ikipitia satelaiti. Kwa hiyo ujumbe mfupi wa simu ulikuwa ndio mlango wa watu wa kawaida, na fomu ya tovuti ilikuwa mlango wa wenye nafasi.

Wasifu wa Ushahidi, hasa wa ng'ambo, wamezoea kusimulia mambo haya kana kwamba ramani ilikuwa muujiza wa mashine. Mashine ilikuwa ndogo, na picha ya ramani yenyewe iliazimwa kwa kampuni ya Google. Lililokuwa kubwa ni yule msomaji mmoja aliyekaa katikati ya ujumbe na ramani akiuliza: nani ameona? Pale ndipo desturi ya baraza ilipopata kiti kipya.

Ukweli huo waonekana wazi zaidi katika jambo jingine lililomfika David Kobia mwezi ule ule, na ambalo halikusimuliwa sana. Kobia alikuwa na tovuti ya miaka mingi iitwayo Mashada, ukumbi wa mazungumzo wa Wakenya wa nyumbani na wa ugenini. Hapo mtu alisema apendalo, aghalabu kwa jina la kubuni, juu ya siasa, mpira, ndoa na muziki. Januari 2008 ukumbi ule ukajaa matusi ya kikabila na maneno ya kuchochea damu. Wasimamizi walifuta, na maneno yakazidi kumiminika. Mwisho Kobia akaufunga. Mahali pake akaweka tovuti nyingine ambayo jina lake lilisema kuwa mwenyewe hana kabila, watu wapate kuandika hayo badala ya yale. Basi mtu mmoja, katika mwezi mmoja, kwa ujuzi ule ule na huenda kwa kompyuta ile ile, alijenga nyumba moja na kufunga nyingine. Wasemaji wa nyumba hizo mbili hawakuwa mataifa mawili; wengi walikuwa ndugu na majirani. Tofauti ilikuwa mlangoni. Katika Mashada sauti iliingia kwanza, na kama ni lazima ilitolewa baadaye. Katika Ushahidi sauti ilibishiwa hodi, ikaulizwa, kisha ikakaribishwa. Gharama ya mlango wa pili ni kubwa, kwa kuwa wataka watu wa kukaa hapo usiku na mchana, na ndiyo sababu makampuni makubwa yalichagua mlango wa kwanza.

Mapatano ya kisiasa yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008, na vita vikapoa. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na kati yao 405 walikufa kwa risasi. Hesabu ya namna hii haikutokana na ramani. Ilitokana na hospitali, nyumba za maiti na mashahidi walioketi mbele ya tume. Hapo ndipo mpaka wa tovuti ulipo. Alama juu ya ramani huonyesha kuwa jambo limetokea mahali fulani, lakini haiwezi kuapa wala kuhojiwa na wakili.

Lakini yaliyowafika mashahidi wenye nyuso nayo ni machungu. Kesi za Kenya zilipofika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, miongoni mwa washtakiwa alikuwamo William Ruto, na Joshua Sang, mtangazaji wa redio aliyeshtakiwa kwa yale aliyodaiwa kuyasema hewani. Mashahidi wakaanza kupungua. Wengine walijitoa, wengine waligeuza maneno, na mahakama ikatoa hati za kuwakamata watu waliodaiwa kuwahonga. Mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014. Ya Ruto na Sang yalifutwa tarehe 5 Aprili 2016, na mmoja wa majaji wale watatu akaandika kuwa kesi imeharibiwa na kuingiliwa kwa mashahidi na kwa siasa. Shahidi mwenye jina aliweza kutishwa au kununuliwa kwa kuwa alijulikana, na yule asiye na jina hakuweza kuaminiwa kwa kuwa hakujulikana. Kati ya visiki hivyo viwili haki ya waliokufa ikakwama, na haijakwamuka.

Programu ya Ushahidi haikubaki Kenya. Waundaji waliitoa bure, msimbo wake ukiwa wazi kwa kila atakaye kuutumia na kuugeuza. Kabla ya mwaka 2008 kwisha ilikuwa imetumiwa mashariki ya Kongo. Haiti ilipopigwa na tetemeko la ardhi tarehe 12 Januari 2010, ramani ilifunguliwa baada ya saa chache na wanafunzi huko Massachusetts. Wahaiti waliokuwa ugenini wakawa wakitafsiri ujumbe wa Kikrioli uliotumwa na watu waliokuwa wakitafuta maji, dawa na jamaa zao. Mwezi wa Machi mwaka ule ule, jijini Nairobi, ukafunguliwa ukumbi wa iHub katika barabara ya Ngong, ambako vijana watunzi wa programu walikutana, wakagombana juu ya lugha za kompyuta na kunywa kahawa nyingi. Kutoka jamii ile ilitoka tovuti ya Uchaguzi, iliyotumika katika kura ya maoni ya katiba ya Agosti 2010 na tena katika uchaguzi wa mwaka 2013.

Humo pia ulizaliwa mradi wa Umati, ulioanza Septemba 2012. Jina hilo ni zuri kwa ukweli wake. Ushahidi uliwataka watu mmoja mmoja. Umati uliwatazama wakiwa kundi. Watu wa mradi huo walikaa wakisoma maneno yaliyochapishwa hadharani mitandaoni katika Kiswahili na Sheng, Kikuyu, Kijaluo, Kiluhya, Kikalenjin, Kisomali na Kiingereza, wakipima yapi ni matusi tu na yapi yaweza kuleta madhara. Kazi ilifanywa na wasomaji watu, kwa kuwa mashine haikujua methali, wala haikujua kwamba jina la mdudu au la gugu laweza kuwa jina la jirani anayetakiwa aondoke. Waligundua kuwa maneno ya chuki yalikuwa mengi sana katika Facebook na machache katika Twitter. Sababu moja walioitaja ni kwamba katika Twitter msemaji alisikiwa na kila mtu, na mwenye kutukana alikemewa na wenzake mpaka akafuta maneno yake au akajiondoa. Watazamaji walipokuwa wengi na wageni, aibu ilifanya kazi ya askari. Aibu hiyo, kwa bahati mbaya, haikudumu.

Maana katika miaka ile Twitter ya Kenya ilikuwa imeanza kutambua nguvu zake. Machi 2012, baada ya shambulio la guruneti jijini Nairobi, CNN ilionyesha habari kana kwamba nchi nzima imo vitani. Wakenya wakaijibu kwa maelfu ya kauli zilizofungwa pamoja na alama ya reli, yaani neno moja lililotanguliwa na alama ile ya mistari minne, na kauli hizo zikavuma duniani. Julai 2015 walifanya hivyo tena, CNN ilipoieleza Kenya kama kitovu cha ugaidi siku chache kabla ya ziara ya Rais Barack Obama. Agosti mkuu mmoja wa kituo hicho akasafiri hadi Nairobi kuomba radhi. Furaha ilikuwa kubwa, na haki yake ilikuwapo. Lakini somo lililoingia vichwani mwa wengi lilikuwa kwamba neno hushinda kwa wingi wa wasemaji. Wengi wape, husema Waswahili; na haikuchukua muda kabla ya wenye fedha kugundua kuwa wingi wenyewe hununuliwa.

Jambo hilo lilifichuliwa Septemba 2021 katika uchunguzi wa Odanga Madung na Brian Obilo kwa ajili ya shirika la Mozilla. Walichunguza kampeni 11 za upotoshaji, zenye kauli zaidi ya 23,000 na akaunti 3,700. Baadhi zilielekezwa kwa majaji na wanaharakati waliopinga mpango wa kubadilisha katiba uliojulikana kama BBI. Vijana walioajiriwa walilipwa kiasi cha dola 10 hadi 15 za Kimarekani kwa kushiriki katika kampeni tatu kwa siku. Walipewa maneno, wakapewa saa ya kuanza, na lengo lilikuwa moja: jambo lionekane katika orodha ya yanayovuma. Ngoma ivumayo haidumu, na kwa wapigaji hawa hilo halikuwa hasara; ngoma ya asubuhi ikipasuka, ya mchana ilikwisha kuwambwa. Hapa uvumi haukuwa tena mtoto asiye na baba. Ulikuwa na baba mwenye mfuko, aliyejificha nyuma ya watoto wa kukodi.

Mwenye kusoma mpaka hapa aweza kukata tamaa na mitandao, lakini mwaka 2024 unakataa hukumu ya haraka. Mswada wa Fedha wa mwaka ule ulipoletwa, vijana waliupinga kwa zana walizokuwa nazo. Walisimulia vifungu vyake katika video fupi za TikTok kwa lugha za makwao. Walisambaza namba za simu za wabunge. Wakaunda mitambo ya kujibu maswali juu ya kodi hii na ile. Safari hii alama ya reli ilibeba hoja. Mswada ulisomwa na watu ambao hawakuwahi kusoma mswada wowote, na huo ulikuwa ni ufufuo wa ile kazi ya Mzalendo, ingawa wengi wa wahusika walikuwa watoto wadogo tovuti hiyo ilipoanza. Udhaifu ulikuwa katika nyumba yenyewe: mazungumzo yote yalifanyika katika kumbi za makampuni ya kigeni na kupita katika nyaya za wengine. Tarehe 24 Juni Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza kuwa haina nia ya kufunga intaneti. Kesho yake, waandamanaji walipoingia bungeni na kupigwa risasi, intaneti ilidhoofika nchini, na sababu iliyotolewa ilikuwa hitilafu ya nyaya za baharini. Tarehe 26 Ruto, aliyekuwa Rais tangu Septemba 2022, alikataa kuutia mswada saini. Kufikia 1 Julai, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliokufa.

Picha zilizopigwa siku ile kwa simu zilivuma, kisha zikasahaulika, kama ilivyo desturi ya mambo yavumayo. Lakini wapo walioziokota. Aprili 2025 BBC ilionyesha filamu iliyotokana na uchambuzi wa picha zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa za watu wa kawaida. Kwa kuzilinganisha picha hizo, waandishi waliwatambua baadhi ya askari waliofyatua risasi penye bunge. Kile kilichokuwa kelele kikageuka kuwa ushahidi kwa sababu mtu alikaa nacho miezi mingi akakiuliza maswali.

Mwezi uliofuata ulianza msimu mwingine wa mswada wa fedha. Mwunda tovuti mmoja, Rose Njeri, alitengeneza ukurasa mdogo uliomwezesha mwananchi kutuma pingamizi lake kwa kamati ya fedha ya bunge kwa barua pepe, kwa kubonyeza mara moja. Alikamatwa tarehe 30 Mei 2025, akalala kizuizini siku zote za sikukuu ya Madaraka, na tarehe 3 Juni akafikishwa mahakamani kwa kosa la kuingilia mfumo wa kompyuta. Inastahili kuangaliwa jinsi kosa hilo lilivyo geni: hakumsingizia mtu wala hakukodi sauti. Aliwapa watu karani wa kuwaandikia, na kila barua ilikwenda kwa jina la mwenyewe aliyeituma.

Siku nne baadaye, tarehe 7 Juni, mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maneno yaliyochapishwa mitandaoni juu ya afisa mkubwa wa polisi. Aliletwa Nairobi, na alfajiri yake alikuwa maiti. Polisi walisema kuwa alijigonga kichwa ukutani. Madaktari walioupasua mwili walieleza kuwa majeraha ya kichwa na kubanwa kwa shingo hayakuwa ya mtu aliyejidhuru mwenyewe. Katika Kiswahili shahidi ni yule aonaye, na pia ni yule auawaye kwa ajili ya neno lake. Wengi waliomlilia hawakuhitaji kamusi kuambiwa hivyo.

Tarehe 20 Juni mahakama ya Milimani iliamua kuwa hati ya mashtaka dhidi ya Njeri haikuonyesha kosa lolote, naye akaachiliwa. Tarehe 25 Juni, watu walipoandamana kuwakumbuka waliouawa mwaka uliotangulia, Mamlaka ya Mawasiliano iliviamuru vituo vya redio na televisheni viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na vingine vikazimwa mitambo. Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo siku ile ile.